Kamba Isiyooza

Tangu mwaka 1931 meli za biashara zinazokatiza Bahari ya Kaskazini, na baadaye Atlantiki ya Kaskazini, zimekuwa zikikokota chombo cha chuma kinachonasa viumbe vidogo vinavyoelea baharini. Kazi hiyo inaendeshwa kutoka Plymouth, Uingereza. Chombo kikiburutwa maelfu ya maili hakikosi kukwama kwenye takataka, na kilipokwama mabaharia waliandika kimekwamishwa na nini. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Clare Ostle walichapisha walichokikuta katika kumbukumbu hizo za miaka 60. Plastiki ya kwanza kuandikwa ilikuwa uzi wa wavu wa kukokota, mwaka 1957. Mfuko wa plastiki wa kwanza ulinaswa karibu na Ireland mwaka 1965. Uzi ulitangulia mfuko kwa miaka 8.

Nimefundisha historia sekondari hadi kustaafu, na kila nilipowauliza wanafunzi plastiki imeingiaje baharini kwetu, walinijibu kwa sauti moja: rambo, chupa za maji, malapa. Siwalaumu, maana hivyo ndivyo vinavyotapakaa ufukweni maji yakitoka. Lakini mimi ni mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na ukoo wetu umeishi kwa kamba. Bibi mzaa mama alikuwa mpiga makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Baba alikuwa fundi kwenye mashamba ya mkonge. Mjomba alivua kwa dema, mtego wa kusukwa, na kwa jarife, akatumia kamba ya makumbi na ya katani kabla hajahamia nailoni. Habari ya bahari yetu kuchafuka niliisikia kwao kabla sijaisoma kitabuni, na kwao ilianzia kwenye kamba.

Kamba ya makumbi ni kongwe kuliko miji yetu. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unautaja mji wa Rhapta katika pwani hii na vyombo vyake vya kushonwa. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilijengwa kwa ufundi huo huo: mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba ya makumbi pasipo msumari wa chuma, na tanga lilikuwa mkeka wa majani. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliishi Maldivi, akaeleza jinsi makumbi yalivyolowekwa kwenye mashimo ufukweni, yakapigwa kwa magongo, kisha wanawake wakasokota kamba za kushonea vyombo, na kamba hizo zikauzwa Bara Hindi, Uchina na Yemen. Nilipoyasoma maelezo hayo chuoni niliona kama anamweleza bibi yangu.

Bibi na wenzake walikuwa na mashimo yao kwenye tope, mahali ambapo maji hujaa na kutoka kila siku. Kila mwanamke alilijua shimo lake na hakuna aliyethubutu kufukua la mwenzake. Makumbi yalipangwa humo, yakafunikwa kwa makuti, yakakandamizwa kwa mawe yasielee, yakaachwa miezi sita au zaidi. Maji ya chumvi yaliozesha ile nyama laini inayoshikanisha nyuzi, nyuzi zenyewe zikabaki. Siku ya kufukua, harufu ilifika hadi majumbani, nasi watoto tulitumwa kubeba. Kumbi lililegea, jeusi, likawekwa juu ya gogo, likapigwa kwa rungu, likageuzwa, likapigwa tena, mpaka unga wote wa kahawia umetoka na mkononi umebaki usumba mtupu. Ukaoshwa, ukaanikwa, ukachambuliwa.

Kusokota kulifanyika alasiri, barazani. Bibi alikaa chini miguu kainyoosha, akachukua usumba kidogo, akaugawa mafungu mawili, akayaviringisha kati ya viganja vyake kwa upande mmoja. Alipoyaachia, yale mafungu yalijipinda yenyewe kwa upande wa pili, yakashikana, ikawa kamba. Usumba ulipokaribia kwisha aliongeza mwingine pale pale, na hata mtu angetazama vipi asingeona kiungo. Alipima kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa, na kila pima kumi aliikunja akaifunga fundo. Mazungumzo yaliendelea muda wote huo. Sikumbuki hata mara moja kumwona akiitazama mikono yake.

Nisije nikaipamba kazi ile. Mikono ya bibi ilipasuka kwa chumvi, na nyufa zake hazikupona hadi anaingia kaburini. Tope lilikuwa na miiba ya samaki na makombe ya chaza. Bei aliipanga mnunuzi. Mama aliapa kwamba binti yake hatapiga makumbi, na kwa kiapo hicho mimi nikasoma.

Usumba huvumilia maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingi za mimea, ndiyo maana ulitumika kushonea vyombo. Hata hivyo nao ulikuwa na mwisho. Chombo kilichoshonwa kilifumuliwa na kushonwa upya kila baada ya muda. Nyavu za pamba zilikuwa dhaifu zaidi. Mjomba alizichemsha ndani ya pipa lenye magome ya mkoko hadi zikawa nyekundu iliyoiva, akazianika, na baada ya kila safari alizisuuza na kuzitandaza juu ya miti iliyosimikwa ufukweni. Wavu wa pamba ukilala mbichi ndani ya ngalawa siku mbili tatu huanza kunuka, na ukishanuka umekwisha. Kwa hiyo ufuko wote wa Bweni ulikuwa na vichanja vya nyavu, na chini ya kila kichanja alikuwapo mtu anayeshona. Mtoto wa kiume alijifunza kushika sindano ya kushonea nyavu kabla hajaruhusiwa kushika kafi.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Watu hupenda kusema kwamba wazee wetu waliipenda bahari kuliko sisi. Sina ushahidi wa hilo. Ninachokijua ni kwamba zana zao zilikuwa zinaoza, na kuoza kuliwalazimisha kuzitoa majini, kuzihesabu, kuzikausha na kuzirudisha nyumbani. Kile kilichowaponyoka kikabaki chini kilikuwa na miezi yake, kikawa tope. Kuoza ndiko kulikokuwa sheria ya uvuvi kabla serikali yoyote haijaandika sheria. Ilipokuja kamba isiyooza, sheria hiyo ilifutika bila mtu kuijadili, na hakuna iliyowekwa badala yake.

Kabla ya nailoni, hata hivyo, kulikuwa na katani, nayo ilianzia jirani kabisa na kwetu. Kusini mwa Bweni kuna mahali panaitwa Kikogwe. Mwaka 1893 Wajerumani walipanda huko miche 62 ya mkonge. Mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na karibu yote ikafa kabla haijagusa ardhi yetu. Miaka minne tu nyuma, Desemba 1889, Wajerumani hao hao walikuwa wamemnyonga mjini Pangani Bushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana nao. Wazee wa kwetu walizisimulia habari hizi mbili kwa pumzi moja, kwanza kitanzi halafu mkonge, na nilipokuwa mwalimu nami nikazifundisha hivyo hivyo.

Ile miche 62 iliijaza nchi. Mkonge ukaifuata reli kutoka Tanga hadi Muheza na Korogwe, ukafuata mto, ukafika Morogoro na Lindi. Watu wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi na Rwanda, wakaitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba zao. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu hao, nao manamba wakaiita Silabu. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilitaka siku 30 za kazi kamili, na siku uliyougua haikuhesabiwa. Makaburi yao yako katikati ya mashamba, mengi hayana jina.

Baba alikuwa fundi wa korona, mashine ya kukwangua majani. Ilipokuwa inafanya kazi hukuweza kumsikia aliyesimama ubavuni mwako. Majani yaliingia kwa mnyororo upande mmoja, yakapondwa na kukwanguliwa na magurudumu yenye visu butu huku maji yakimwagika juu yake, na upande wa pili singa zikatoka mbichi, za kijani hafifu. Zilianikwa kwenye nyaya, ekari kwa ekari, zikageuka nyeupe juani. Maji ya korona yalikwenda mtoni, meusi, yakaua samaki. Hilo nalo lazima lisemwe, kwa sababu wapo wanaoizungumzia katani leo kana kwamba haikuwahi kuchafua kitu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java, nchi zilizokuwa zikipigana nao zilikosa kamba za meli, na macho yote yakageukia Tanga. Vita ilipokwisha, sehemu kubwa ya katani yetu ilikwenda Ulaya na Marekani kufungia marobota ya nyasi na nafaka mashambani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa katani. Mwaka 1964 tulitoa karibu tani 230,000. Hatujafika tena hapo.

Kilichotushusha kilikuwa kimeshazaliwa miaka 10 kabla. Mwaka 1954, huko Milano, mkemia Giulio Natta alipata polipropilini, plastiki nyepesi inayoweza kuvutwa ikawa uzi. Mwaka 1957 kiwanda cha Ferrara kikaanza kuitengeneza kwa wingi. Mwaka 1963 Natta na Mjerumani Karl Ziegler wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mkulima wa Marekani akagundua kwamba kamba hiyo ni rahisi, haiozi ghalani wala haitafunwi na panya, naye akaacha kununua ya kwetu. Bei ya katani ikaanza kuporomoka kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Watu wa Tanga hubishana hadi leo kwenye mabaraza ya kahawa, kama mkonge uliuawa na Azimio la Arusha, kwa kuwa mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, au uliuawa na plastiki. Uendeshaji mbaya baada ya kutaifishwa ulikuwapo na ulitudhuru. Lakini bei ilikuwa inaanguka kabla ya Azimio, na iliendelea kuanguka kwa wote, hata kwa nchi ambazo hazikutaifisha kitu. Mimi nasimama upande wa wanaosema ni plastiki. Kufikia mwishoni mwa karne nchi nzima ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000. Korona ya baba ilisimama. Nyaya za kuanikia zikakatwa, zikauzwa chuma chakavu.

Kwa hiyo plastiki ilipoanza kujaa kwenye fukwe za Tanga, ilikuwa imekwisha kututoa kazini. Sijaona mkoa mwingine wenye dai kama letu juu ya kitu hiki.

Nailoni yenyewe, iliyotengenezwa mara ya kwanza na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont mwaka 1935, ilifika Ziwa Viktoria ikiwa nyavu katika miaka ya 1950. Bweni ilikuja kupitia maduka ya zana za uvuvi ya Tanga mjini. Mjomba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua. Mama alikumbuka alivyokuja kutuonyesha, kautandaza ua mzima, akampa bibi auguse. "Huu ukiusahau wiki nzima majini, unaukuta vile vile," alisema. Bibi aliuvuta kwa vidole viwili, akauliza unachemshwa na nini. Alipoambiwa hauchemshwi na chochote, alicheka kwa mshangao. Mjomba hakuhitaji tena pipa wala magome ya mkoko, hakuhitaji kichanja, na alilala usingizi wake baada ya safari. Angekuwa mjinga kuukataa, na hakuwa mjinga. Wavu ule ulishika samaki zaidi, kwa sababu uzi wake ni mwembamba na samaki hauoni vizuri.

Vichanja vya ufukweni vikaondoka kimoja kimoja. Kwa nini uanike kisichoharibika kwa maji? Nyavu zikaanza kulazwa majini usiku kucha, mvuvi yuko nyumbani. Zilipochanika, kipande kilikatwa na kutupwa pale pale, kwa sababu cha dukani kilikuwa rahisi kuliko alasiri nzima ya sindano. Vijana wa rika langu wengi hawakujifunza kushona.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa uhaba, mashimo ya makumbi yalifunguliwa tena. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, sembuse nailoni ya kutoka nje. Bibi alikuwa mzee mno kuingia topeni, akawa anakaa kivulini na kuelekeza. Kwa miaka michache dema zilifungwa tena kwa usumba. Kisha ikaja ruksa ya Rais Mwinyi, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na mashimo yakafukiwa na mawimbi. Tulifurahi, nani asingefurahi? Pamoja na sukari na khanga zikaja rambo, ndoo, mitungi, na baadaye kidogo maji ya chupa. Pakacha lililotupwa mtoni lilikuwa kuti, na kuti hurudi kuwa udongo. Soda ilikuwa ya chupa ya kioo iliyorudishwa dukani. Hayo ya mifuko na chupa yameandikwa sana, siyarudii.

Nirudi kwenye jarife. Jarife ni wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na samaki wengine wakubwa. La pamba lilikuwa zito na halikukaa chini muda mrefu. La nailoni liliweza kushushwa kina kirefu, mita 100 na zaidi, na kuachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kupandisha samaki wa ajabu, mkubwa, mwenye magamba magumu na mapezi yanayofanana na miguu mifupi. Alikuwa silikanti, ambaye wanasayansi waliamini ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu walivuliwa kwa makumi, kwa sababu majarife yalikuwa yamefika kwenye kina wanakoishi. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia karibu na mji wa Tanga kushuka kusini hadi upande wa Pangani. Nilifurahi kwa moyo wote. Lakini jarife la nailoni lililokatika likabaki limenasa kwenye miamba ya kina hicho halisomi tangazo la serikali. Linaendelea kuvua. Samaki anakufa, anavutia mwingine anayekuja kumla, naye ananasa. La pamba lingeoza likaacha.

Sheria za nchi kavu zimekuja, na zinafanya kazi kwa kiasi chake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara 1 Juni 2019. Siku zile za Juni vikapu vya ukindu vilirudi sokoni Pangani, nami nilinunua viwili kwa furaha. Baada ya muda ikaenea mifuko mbadala, ile laini ya rangi rangi inayoonekana kama kitambaa. Wengi huamini ni kitambaa kweli. Ni polipropilini, ile ile ya Natta iliyoimaliza katani, safari hii imebanwa kwa joto badala ya kusokotwa. Ikikaa juani miezi kadhaa inamung'unyika vipande vipande kiasi kwamba huwezi kuiokota.

Kamba nayo humung'unyika, tena ikiwa kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walivuta kamba za plastiki kwenye roda kama avutavyo mvuvi, wakahesabu chembe zinazodondoka. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2022 yalionyesha kamba mpya ikitoa chembe kama 20 kwa kila mita inayovutwa, na kamba ya miaka 10 zaidi ya 700. Nilipoyasoma niliwaza mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na kimewapa maelfu ya wanawake pesa ya mkononi ambayo bibi hakuwahi kuiota. Kila mche wa mwani unafungwa kwa taitai, kikamba cha plastiki, kwenye kamba ya plastiki iliyovutwa kati ya vigingi. Bamvua likipiga kwa nguvu, kamba zinang'oka. Na kwenye fukwe hizo hizo za mashariki ya Unguja, hatua chache kutoka kwenye mwani, wapo wanawake ambao bado wanafukia makumbi. Kazi hizi mbili zinaonana kila maji yakitoka, nami sijaona zikiunganishwa.

Simdharau yeyote anayeokota na kuyeyusha. Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi la mita 9 kwa taka za plastiki, wakalivika malapa kama 30,000, wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kwamba kazi hiyo ilifanywa na mikono ya Lamu, kwenye nchi ya mtepe, kunanipa fahari. Lakini hesabu haidanganyi. Utafiti wa Roland Geyer na wenzake wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki tangu 1950, na asilimia 9 tu ya taka zake ndizo zilizorejelezwa. Huwezi kuokota ukamzidi anayemwaga.

Ndiyo maana niliufuatilia kwa hamu mkutano wa Nairobi wa 2 Machi 2022, mataifa yalipokubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki tangu kiwandani hadi baharini. Vikao vilizunguka dunia, Uruguay, Paris, Nairobi tena, Ottawa, Busan. Agosti 2025 huko Geneva wajumbe walitawanyika bila mkataba, kwa sababu nchi zinazochimba mafuta hazikukubali kuwekewa kikomo cha utengenezaji. Sitaingoja Geneva.

Huko Alaska, Marekani, sheria inadai kwamba kila mtego wa kaa uwe na sehemu iliyofungwa kwa uzi wa pamba tupu. Mtego ukipotea, uzi huo unaoza, tundu linafunguka, na kaa wanatoka. Wavuvi wa kule ni wa kibiashara, wana meli kubwa na vyombo vya kisasa, na bado serikali yao imewaamuru watumie kitu kinachooza. Nilipoisoma sheria hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, maana hivyo ndivyo dema la mjomba lilivyokuwa bila kuamriwa na mtu. Mwili wake ulikuwa fito zilizosukwa, mshono wake usumba, na kile kimlango cha nyuma cha kutolea samaki kilifungwa kwa kipande cha kamba ya bibi ambacho kilibadilishwa mara kwa mara. Dema likipotezwa na mkondo, kimlango ndicho kilichoachia kwanza.

Siku hizi madema mengi ninayoyaona yakishushwa Pangani ni ya waya, na kimlango kimefungwa kwa nailoni. Nimelipeleka jambo hili kwa wazee wa uvuvi na kwa vijana wa BMU, kamati za wavuvi zinazosimamia fukwe zetu, ambazo zina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo. Sijawaomba waache nailoni. Nimewaomba kwamba kimlango cha kila dema, na vifundo vinavyoshikilia jarife kwenye maboya na mawe yake, vifungwe kwa katani au usumba, na anayekutwa amefunga kwa nailoni arudishwe ufukweni siku hiyo. Kijana mmoja aliniuliza nani atatoa gharama ya kubadilisha kamba kila baada ya wiki kadhaa. Ni swali la haki, nami nilimjibu kwa hesabu ya mbele yake: kimlango kimoja hakili hata pima moja, wilaya yetu bado ina mashamba ya mkonge, na vipande vifupi vya katani ambavyo wanunuzi wa nje hawavitaki vinauzwa kwa bei ya chini. Kikao kijacho nimeahidi kwenda na mafungu ya kutosha madema ya ufuko mzima kwa msimu mmoja wa kaskazi, ili tujue kila kifundo kinaachia baada ya siku ngapi.